Leo Nimefunga, Ba

Jasvanti hakujisifia dhahabu, ingawa dhahabu alikuwa nayo. Alijisifia Ekadashi. Ni siku inayorudi mwezi unapokua na unapopungua, na Wahindu washika dini hawagusi nafaka kabisa. Tangu akiwa msichana wa Upanga mwenye misuko miwili, hakuwahi kuiruka. Alifunga akiwa na mimba. Alifunga hata juma lile mwili wa mumewe, Ghanshyam, ulipochomwa, akabaki yeye na duka la vitenge Kariakoo.

Basi Mansi, binti wa mwanawe Bhargav, alipoanza kufunga, bibi kichwa kilimvimba. Msichana wa miaka kumi na sita! Alianza na mfungo wa wasichana, ule wa kula bila chumvi ili wapate waume wema. Ukaisha, yeye akaendelea. Jumatatu. Kisha Alhamisi. Kisha siku ambazo hazina mungu wala jina. Ukimwekea sahani anakwambia, "Leo nimefunga, Ba," maana ndivyo wanavyomwita bibi, na sahani inarudishwa jikoni. Nani amkataze mtoto kumcha Mungu?

"Wajukuu zenu wanakula chipsi barabarani," Jasvanti aliwaringia wenzake hekaluni. "Wangu anafunga."

Anifa, aliyeuza naye dukani miaka mingi, mdomo wake haukuwa na breki. "Mama Bhargav, huyu mtoto anataka kuolewa na upepo? Akipita hapa zima feni, itamchukua."

"Wivu huo. Wewe Ramadhani kutwa unaangalia saa ya futari."

"Naangalia, lakini nafuturu!"

Wakacheka. Mansi, aliyekuwa akikunja vitenge pembeni, hakucheka. Alikuwa amevaa sweta, jua la Februari hilo, watu wanajipepea kwa vipande vya maboksi, yeye anasikia baridi. Nywele zilikuwa zikimtoka kwa mafungu kwenye kitana. Jasvanti aliziona. Akamnunulia mafuta.

Alianguka dukani, mchana, akimshushia mteja jora la kitenge. Hakupiga kelele, na kitambaa kikamfunika. Anifa alipomnyanyua aliangua kilio, kwa sababu hakuhitaji kutumia nguvu.

Bajaji iliwafikisha hospitali. Daktari Caroline, mwanamke wa Kilimanjaro, alimpima, akakuta moyo wa mtoto unapiga polepole mno na chumvi za mwilini zimeshuka vibaya. Akamgeukia bibi.

"Shikamoo, mama. Keti."

"Marahaba. Amefunga tu. Wewe Mkristo, hujui mambo yetu."

"Mfungo una siku ya kufungua, mama. Wa huyu mnafungua lini?"

Jasvanti akaanza kuhesabu siku kwa vidole, akaachia njiani.

"Huu ni ugonjwa," daktari akasema. "Si kiburi, si uchawi, wala si wa Wazungu peke yao. Hata alivyo hapo anajiona mnene. Mara nyingi unamshika mtoto mwenye bidii, anayetaka kila kitu kinyooke. Kwa wengine unatembea kwenye ukoo. Kisha panatokea jambo."

Mansi alisema akiutazama ukuta. "Harusi ya binamu Jeet. Blauzi ya sari ilikataa kufunga. Jeet akaniita Bonge, mkacheka wote. Ba akasema, funga siku mbili tatu, itakubali."

Jasvanti aliikumbuka hata rangi ya blauzi. Lilikuwa neno la utani tu, huku wanavaa.

Daktari alimwambia neno moja peke yake halileti ugonjwa huu. Hilo halikumsaidia.

Mansi alilazwa. Chakula kilirudishwa kidogo kidogo, damu ikipimwa, kwani mwili uliozoea njaa ukishindiliwa chakula ghafla unaweza kufa. Aliporuhusiwa, daktari alisema atakuwa anarudi kuzungumza na mshauri, kwa miezi, pengine miaka. Nyumbani mtu akae naye akila, na akae naye baada ya kula, asiende kutapika. Unene na wembamba visitajwe.

"Na mezani kwake asionekane mtu aliyefunga."

"Hata Ekadashi?"

"Hata hiyo, mama. Ugonjwa utakutumia wewe kama shahidi wake."

Ekadashi ikafika. Bhargav alisema, "Mama, wewe pumzika chumbani, leo nitakula naye mimi."

"Kwangu alijifunza," Jasvanti akasema. Akaketi mbele ya mjukuu wake, wali na dengu mezani.

"Leo Ekadashi, Ba."

"Najua."

"Dhambi yake usinitwike mimi."

"Ni yangu."

Akatia tonge mdomoni. Lilimkwama kama mchanga, machozi yakamtoka, akameza. Umri wake wote ulipita nalo kooni.

Mansi aliutawanya wali pembeni mwa sahani. Akala kidogo, kisha kidogo tena, uso umekunjamana kama mtu anayemeza dawa. Akasimama. "Naenda msalani."

"Kaa kwanza."

"Nakuchukia, Ba."

"Nichukie ukiwa umekaa hapa."

Msichana alikaa, akatazama mlango. Jasvanti alivuta sahani yake karibu, akatengeneza tonge jingine.