Sauti ya Ruti Chini ya Maneno

Kaka yangu Nikodemo alitia saini karatasi moja tu maishani mwake, na mimi ndiye niliyemponza. Kalamu alishika mwenyewe, darasa la nne alimaliza. Ila maneno yaliyoandikwa yalitoka kwenye mdomo wangu huu, ambao mama alisema siku moja utaniletea balaa. Balaa lenyewe likampata mwenzangu.

Tulikaa kijijini Iyula, kwenye mashamba ya kahawa. Nikodemo alikuwa amefanya kazi migodini Kitwe, ng'ambo ya mpaka, miaka mitatu. Wenzake walirudi na baiskeli na cherehani, yeye akarudi na gitaa. Baba yetu, Mzee Anania, aliligeuza huku na huku akauliza, "Hili linalima?" Tukacheka mpaka tukakaa chini. Jioni akitoka shamba, Nikodemo alikuwa analipiga nyuma ya jiko, na mkewe Ruti anaosha kahawa kwenye pipa huku anamwitikia. Hakuimba maneno. Ilikuwa mm, mm, anapandisha, anashusha, mikono imo majini. Jamani, wifi yangu alikuwa na sauti! Mimi niliwahi kuacha ugali ukaungua, na sijutii.

Lakini mbele ya baba hakuimba hata siku moja. Kwetu mke wa mtoto hapazi sauti mbele ya baba mkwe. Akikutana naye njiani anapita pembeni, anapiga magoti, anainamisha uso. Ruti alikaa boma moja na baba miaka tisa, na mzee akikohoa tu upande wa zizi, yule mwanamke ananyamaza hapo hapo kama redio iliyoisha betri. Hakuna aliyeona ajabu. Hata mimi huko nilikoolewa, kabla sijarudi kwetu, nilifanya vivyo hivyo.

Mwaka wa sabini na tatu wakaja watu wa filamu kutoka Dar es Salaam, wanapiga picha za jinsi ya kumenya na kuanika kahawa. Fundi wao wa sauti aliitwa Saidi, mtu wa Tanga, mpole, anaamkia hata watoto. Alikuwa anatafuta muziki wa kuweka chini ya picha, watu wasije wakasinzia kwa maelezo. Aliposikia gitaa nyuma ya jiko, na Ruti anaitikia, aliacha chai yake. Kesho yake alasiri akawarekodi wote wawili, nami nikafukuza kuku.

Alipomaliza akatoa karatasi ya ruhusa. Imeandikwa kwamba mwenye muziki anakubali utumike kwenye filamu hii ya kahawa, si penginepo. Chini pana mstari wa masharti.

"Una sharti lolote, kaka Nikodemo?"

Nikodemo akasema hana. Hapo ndipo nikajiona nina akili. Nikamvuta pembeni.

"Hiyo sinema si italetwa hapa? Baba si atakaa mbele? Mkeo amwimbie mkwewe, tena kwa spika, Iyula nzima inasikia? Uso utauweka wapi wewe?"

Akajikuna kichwa. Akarudi akamwambia Saidi, "Andika hivi. Sauti ya mke wangu iwe chini, chini kabisa ya maneno."

"Lakini hiyo ndiyo tamu yenyewe, bwana."

"Andika."

Akaandika, na karatasi ya kaboni katikati, nakala mbili. Ruti alikuwa amesimama mlangoni na ungo. "Andikeni tu," akasema. "Mimi kusikika sitaki." Uongo. Alitaka. Niliuona mgongo wake alivyorudi jikoni.

Miaka miwili baadaye Ruti aliumwa tumbo. Siku ya tatu tukapata lori la kumpeleka hospitali, likakwama kwenye matope, akafia humo ndani, kichwa chake mapajani kwangu. Sina zaidi la kusema kuhusu siku hiyo. Nakumbuka dereva aliendelea kuchimba tope, maana hakuna aliyemwambia aache.

Nikodemo hakulia. Watu walisubiri alie, wakachoka. Alilima, alikula alichopewa, alijibu salamu. Gitaa alilitundika ukutani, nyuzi zikashika kutu. Nilimwambia, "Kaka, lia basi, utapasuka." Akaniambia hasikii kitu, ni ganzi tupu, hata moto ukimdondokea anauangalia tu. Picha ya Ruti hatukuwa nayo. Nguo zake ndugu zake walishazichukua.

Halafu ikaja habari kwamba gari la sinema litafika Iyula, na filamu ni ile ya kahawa. Nikodemo alifua shati. Nilimkuta analianika nikamuuliza kulikoni.

"Nataka nimsikie," alisema. "Basi."

Wakaonyesha mchana, ndani ya ghala la kahawa, madirisha yamezibwa kwa magunia. Saidi alikuwepo, mvi zimeanza. Baba alikaa mbele kabisa, kwenye kiti. Kitambaa cheupe kikawaka, watu wakapiga kelele kuona mashamba yao. Gitaa likaanza. Nikodemo akainama mbele. Na papo hapo yule msomaji wa maelezo akaingia, mtu ana sauti nene, anasema juu ya mbuni, na maganda, na kuanika kwenye meza, hapumziki! Alipovuta pumzi nikasikia mm, kidogo, mbali. Akarudi tena na maganda yake. Kwenye filamu nzima Ruti alisikika mara tatu. Nilihesabu.

Taa ilipowashwa Nikodemo alimfuata Saidi. "Bwana, unaweza kupandisha ya mke wangu?"

"Nikipandisha, na yule anapanda. Zimeshaunganishwa."

"Na ile kanda ya siku ile?"

"Kanda zilikuwa chache, kaka. Tulirekodia vitu vingine." Akafungua jalada lake, akamwonyesha nakala kwa upole. "Tuliheshimu sharti lako."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikodemo aliisoma ile karatasi yote, na saini yake, akaikunja, akairudisha. "Ni kweli," alisema. Uso wake ulikuwa uleule.

Baba alikuwa bado kwenye kiti. "Nikodemo, huyo mwanamke anayesikika nyuma ni nani?"

"Ni Ruti, baba."

"Ruti wetu? Alikuwa anaimba?"

Mzee akaigeukia ile mashine ya sinema. "Rudisheni," akasema.

Saidi akarudisha. Tulibaki watu wanne ndani ya ghala. Gitaa likaanza, Ruti akaanza, na msomaji akaingia na maganda yake. Baba akasimama, akaipiga sakafu kwa fimbo.

"Wewe, nyamaza!" alimwambia mtu wa kwenye kitambaa. "Nyamaza, mkwe wangu anaimba!"

Yule mtu akaendelea kueleza kahawa. Kaka yangu akafunika uso kwa mikono miwili, na nikamsikia analia.