Vidonge Kwenye Pindo la Leso

Bi Biasha analima mwani Kibuyuni, na katika miaka yake hamsini na mbili hajapata kutupa kitu kilicho kizima. Ndiyo sababu muuguzi Concepta alipomwuliza vidonge vya kuzuia kutapika anavimeza vipi, alifungua pindo la leso akavimwaga mezani, vya dozi mbili, karibu vyote.

"Mbona hujavimeza, mama?"

"Nimeze dawa nami sijatapika? Nilingoja. Nilipotapika nikameza kimoja, nacho kikatoka. Nikaona huu ni uharibifu, bora niviweke."

Concepta aliinamia faili mpaka kicheko kikampita. Kisha akamweleza bila kuficha. Saratani ya titi lake ilipangiwa dozi sita za dripu, moja kila wiki tatu. Leo angepewa ya tatu, lakini alikuwa amepungua kilo nne. Akirudi amepungua tena, daktari ataahirisha ya nne, na uvimbe hautaahirisha kitu.

"Meza kwa saa zilizoandikwa, hata ukijiona mzima. Kimoja kabla ya dripu, vingine siku zinazofuata. Kula kidogo kidogo, vitu vilivyopoa. Maji yakikataa kukaa tumboni, njoo, usingoje siku ya kliniki. Na harufu kali ziepuke. Nyumbani kuna harufu gani?"

Bi Biasha akavuta pumzi. "Kuna wifi yangu."

Wifi ni Mwanaima wa Diani. Kila Jumamosi huja kumtazama mgonjwa akiwa na chetezo, udi, mafuta ya kunukia ya halud na samaki wa kupaka wa moto, kwa kuwa nyumba ya mgonjwa, asema, isinuke ugonjwa. Moshi ukijaa chumbani, Bi Biasha hutabasamu, hushukuru, kisha hukimbilia uani. Mwanaima akimsikia akitapika huko, huona maradhi yamepanda, akaongeza udi.

Naye Bi Biasha hasemi neno, maana kukataa udi wa mgeni ni kumwambia aondoke. Nani aliyetufundisha kwamba adabu ya mgonjwa ni kunyamaza? Tunamheshimu kwa manukato, kwa vyakula, kwa dua, kwa kila kitu ila kumwuliza anataka nini.

Jumamosi iliyofuata, vidonge vya asubuhi vikiwa tumboni kwa saa yake, Bi Biasha alimngoja wifi yake nje, kwenye vichanja vya kuanikia mwani. Yeye alikaa upande upepo unakotoka. Kigoda cha mgeni alikiweka upande wa pili. Katikati palikuwa na lundo la mwani mbichi wa siku mbili.

"Mgonjwa huketi upeponi, wifi?"

"Daktari kasema." Daktari hakusema.

Chetezo kiliwashwa, na moshi wote ukaenda zake baharini. Harufu ya mwani nayo ikaenda kwa Mwanaima. Bi Biasha ameishi nayo miaka ishirini, haisikii tena. Mwanaima alianza kuzungumza habari za arusi moja ya Ukunda, akafika kwenye biriani, akaanza kunusanusa.

"Wifi, ni nini kinachonuka hivi?"

"Karo ya shule ya wanangu hiyo."

Mwanaima akajifunika pua kwa mtandio. Haukusaidia. Akainuka upesi, akazunguka nyuma ya kichanja, na chakula chake cha mchana kikabaki huko. Bi Biasha alimfuata, akamshika mgongo.

"Pole, wifi yangu. Ngoja nikusogezee udi kidogo."

"Usithubutu."

Wakatazamana. Mwanaima akajifuta mdomo taratibu. "Ndivyo unavyokuwa nikija?"

"Kila Jumamosi."

"Na hukuniambia?"

"Ungeniletea udi wa bei zaidi."

Mwanaima akakimwaga chetezo mchangani. Halafu akaomba kidonge kimoja. Akanyimwa: "Hivi vina saa zake, na jina langu."

Siku ya kliniki walikuja wote wawili, Mwanaima akinukia sabuni ya mche tu, mkononi ana kopo la uji uliopoa. Bi Biasha alipanda mizani. Concepta akaisoma, akaisoma tena.

"Hujapungua hata robo. Dozi ya nne ipo. Vidonge umemaliza?"

Bi Biasha akafungua pindo la leso. Kilikuwamo kimoja.

"Na hiki, mama?"

"Cha kabla ya dripu. Ningekimeza kisha mniahirishe? Nilingoja mizani iseme kwanza."

Concepta akampa maji, akasimama hapo mpaka alipokimeza.