Bibi Alivyotubu Angani

Ndege ya kutoka Chake Chake kwenda Unguja ilikuwa ndogo, ya watu kumi na wawili, na mimi nilikaa mbele kabisa, ubavuni mwa rubani. Nyuma yangu alikaa bibi yangu mzaa mama, niliyekuwa nampeleka kutazamwa macho. Pembeni mwake, mke wangu.

Tulikuwa hatujaiacha Pemba nilipoona mshale wa mafuta wa tangi la kushoto unashuka mbiombio. Rubani akaugonga kwa kidole. Ukashuka tena. Akalichungulia bawa, asione hata tone likivuja, akazungumza na watu wa uwanjani, kisha akawageukia abiria.

"Tunarudi Chake kuhakikisha mafuta. Tulieni, tangi la kulia peke yake latufikisha."

Bibi alisikia "mafuta" tu. Akanishika bega.

"Mjukuu wangu, n'samehe. Jogoo wako mweupe hakuliwa na ngawa. N'limchinja mie, ulipokuwa skuli."

Rubani akaniambia chini chini kwamba tangi lile alilipima mwenyewe asubuhi. Bila shaka mwongo ni mshale. Mtu mwema angempa bibi habari hiyo. Mimi niligeuka na uso wa msiba.

"Nimekusamehe, Bibi. Kama kuna jengine, sema sasa."

"Baiskeli yako haikuibiwa. N'limpa mjomba wako wa Gando."

"Jengine?"

Akavuta pumzi. "Yule msichana wa Shumba alikuletea barua tatu. N'lizitia moto. Sikumpenda mamake."

Mke wangu akainua kichwa. "Msichana gani wa Shumba?"

Nikageuka mbele kuitazama mishale kwa bidii. Rubani alikuwa amebana midomo asicheke.

Tulitua salama. Fundi akapanda ngazi, akachovya kijiti tangini, kikatoka kimelowa mpaka juu. Mafuta tele, geji mbovu. Watu wakashukuru. Bibi akanikazia macho.

"Ulijua?"

"Kidogo."

Akanipiga mgongoni kwa mkoba wake mbele ya abiria wote, nami mtu mzima na ndevu zangu. Kisha akaketi kivulini, akamsogezea mke wangu nafasi, akaanza kumsimulia habari za yule msichana. Hakuficha kitu, hata urefu wa nywele. Ndege nyengine ilichelewa saa mbili nzima, na hakuna aliyeniuliza kama nina kiu.