Bahasha za Majani ya Maharage

Kwa miaka kumi na tisa Bibi Majani alitunza chumba cha mimea mikavu cha chuo kikuu: makabati thelathini ya chuma, na ndani yake maelfu ya majani, kila moja na tarehe yake. Jina hilo alipewa na wanafunzi, naye akalizoea. Miongoni mwa aliowafundisha kukausha jani bila kulivunja alikuwa wifi yake, mdogo wa mumewe, aliyeishi kwao enzi za masomo. Sasa wifi huyo alikuwa mhadhiri katika jengo hilohilo, ghorofa ya juu.

Chama kimoja cha wanasayansi kilipotangaza ruzuku ndogondogo, wote wawili waliomba. Bibi Majani alitaka friza, maana wadudu walikuwa wanamlia mimea, na dawa yao ni kuigandisha. Wifi alitaka kuchunguza ugonjwa wa madoa unaoharibu maharage, ajue ulianza lini. Majibu yakaja siku moja. Wifi alipata. Bibi Majani aliandikiwa mistari miwili ya kumtakia kila la heri.

Ruzuku ilikuwa ndogo kweli, lakini ilinunua hadubini mpya, na siku ilipofunguliwa idara nzima ilipanda kuitazama. Bibi Majani alibaki chini akisingizia goti. Nyumbani nako hakupumua. Mumewe alipigia simu ukoo mzima.

"Mbona umenuna?" alimuuliza.

"Nimechoka."

"Dada yangu ametutoa kimasomaso, wewe umechoka!"

Roho ilimuuma, akaisukuma sahani kando.

Wiki iliyofuata wifi alishuka. "Wifi yangu, nina shida. Naomba majani yote ya maharage, ya zamani kabisa. Nataka nione madoa yanaanzia mwaka gani."

Bibi Majani alijua bahasha zilipo hata akifumba macho. "Yameliwa na wadudu," alisema. "Umebaki unga."

"Yote?"

"Yote."

Wifi alikaa kidogo kwenye kigoda, kisha akaondoka. Bibi Majani akazihamishia bahasha kabati la nyasi. Siku mbili nzima alijisikia mwepesi.

Wiki ya tatu wapagazi wawili waliingiza friza, wifi nyuma yao.

"Niliwaandikia wenye ruzuku," alieleza. "Wamekubali fungu langu la safari linunue hii. Maharage yamekwisha, basi angalau haya mengine yapone."

Masikio ya Bibi Majani yaliwaka moto. Mkuu wa idara alikuja kumpongeza wifi kwa kuokoa chumba. Hata friza yangu imekuwa sifa yake, aliwaza, na wivu ukamchoma upya, safari hii pamoja na aibu.

Alivumilia siku nne. Ya tano alipanda ghorofani na kuweka bahasha mezani.

"Si ulisema yameliwa?" wifi aliuliza.

"Nilisema. Nilikuonea wivu."

"Ungenitukana tu, wifi. Ningekuelewa." Alizichukua, akafunga mlango. Kwa miezi miwili walisalimiana kama watu wa foleni moja.

Madoa yalionekana kwenye jani lililochumwa miaka ishirini na sita nyuma, zamani sana kuliko yeyote alivyodhani. Makala ilitoka. Jina la Bibi Majani lilikuwa mwishoni, kwenye shukrani, chini ya fundi umeme aliyeunganisha friza. Alilisoma mara tatu. Lilimuuma, lakini hakulalamika, sababu aliijua.

Tangu hapo watafiti wa vyuo vingine wakaanza kubisha hodi kwenye chumba ambacho zamani hakikuona mgeni mwaka mzima.

"Tumesoma makala ya mhadhiri wenu," husema wote. "Yupo?"

"Yuko juu," hujibu Bibi Majani, moyo ukimsokota kidogo. "Lakini majani ninayo mimi. Kaeni, mnataka ya mwaka gani?"