Fundi viti alivyochana kiti chake wiki ya harusi

Fundi Viti amelala chali kwenye sakafu ya banda lake, kichwa chini ya kiti cha gari, miguu nje. Mkononi ana wembe. Anakata kipande cha kitambaa kisichozidi kiganja, mahali ambapo jicho la abiria halifiki.

"Mtu asiniongeleshe," anasema kutoka huko chini. "Nikikosea hapa nimekwisha. Hakuna kingine."

Gari lenyewe ni la Kimarekani, la mwaka 1964, refu kiasi kwamba mlango wa banda haufungi. Injini ni ileile, rangi ya bluu ni ileile, na redio inakwaruza vilevile. Kiti cha mbele ni kimoja, kirefu kama benchi. Kitambaa chake cheupe hakitengenezwi tena.

Cha kuchekesha, kazi ya mzee huyu ni kubadilisha viti vya magari ya wenzake. Kutwa anavua vitambaa vya zamani na kuvalisha vipya, na kazi hiyo imesomesha watoto watatu. La kwake hajalibadilisha kitu tangu alinunue kwa bosi wake wa kwanza, miaka ishirini na sita iliyopita.

"Wateja wanadhani ni ubahili," anasema. "Waache wadhani. Nikilibadilisha, nitakuwa naendesha gari la mtu mwingine."

Ukutani pametundikwa kibao: "Toa funguo mfuko wa nyuma kabla ya kukaa." Amekiandika mwenyewe. Jumatatu alitaka kulisogeza gari. Upande wa dereva ulikuwa umebanana na ukuta, akaingilia mlango wa abiria, akajiburuta juu ya kiti hadi kwenye usukani. Mkasi ulikuwa mfuko wa nyuma.

"Nilisikia chwaa!" anasimulia mkewe, ambaye bado hajamaliza kucheka. "Nikamwambia, baba watoto, kile kibao si uliandika wewe?"

Kiti kilichanika katikati. Hapo ndipo alipokuwa akikaa binti yao wa mwisho, akiwa mdogo, kati ya baba na mama. Sasa ni bi harusi wa Jumamosi. Amelikataa gari jipya walilotoa wakwe. Anataka apelekwe na hili, akae palepale. Kwa hiyo kuweka kitambaa kipya hakukuwezekana, na fundi alishinda siku mbili roho ikimuuma.

Anatoka chini ya kiti na kipande chake. Anakipachika kati ya mistari miwili ya mishono, kisha kwa sindano iliyopinda anapitisha uzi kwenye matundu yaleyale ya zamani. Hana haraka.

Mchana binti anafika, anakaa katikati, anapapasa.

"Baba, ulichana wapi?"

"Tafuta."

Anapapasa tena, anainama, anakata tamaa. Fundi amejaa furaha mpaka anashindwa kuificha.

"Harusi ikipita, nafasi hiyo namtunzia mjukuu," anasema. "Na atakuta kila kitu kilivyokuwa."

"Na mkasi je?" mkewe anamchokoza.

Fundi anaiendea suti yake mpya iliyotundikwa ukutani, chini ya kibao. Anaigeuza suruali tuione kwa nyuma.

"Mifuko yote miwili," anasema, "nimeishona ikafungika."