Pini za Koti la Marehemu

Mume wangu ni fundi cherehani, na ubishi wake hauna dawa. Ukimwambia nguo imepinda, atakwambia bega lako ndilo limepinda. Basi mtu huyo huyo nilimwona akimwogopa mbwa.

Mbwa alikuwa wa shemeji yangu, kaka yake mume wangu. Shemeji alipofariki, mbwa akahamia kwetu, akawa analala chini ya meza ya kukatia nguo. Koti la marehemu nalo likaletwa, lipunguzwe livaliwe na mwanawe aliyepata kazi ya ualimu. Marehemu alikuwa pande la mtu. Kijana ni mwembamba.

Mume wangu hana pupa. Hubana nguo kwa pini, huitundika siku mbili tatu akiitazama, ndipo apitishe mkasi. Alipobana bega la kushoto, mbwa aliamka na tone la damu begani, na kiuvimbe. "Kupe huyo," nikasema. Nikapekua manyoya yote, sikuona kupe wala kidonda. Akabana ubavuni, damu ikatoka ubavuni. Daktari wa mifugo akamchoma sindano, akajikuna kichwa, akatuambia turudi wiki ijayo.

Alhamisi mbwa akaacha kula. Mimi niliyekuwa namfukuza jikoni kwa ufagio nililia. Tungempoteza na yeye, mume wangu angemzika kaka yake mara ya pili. Nikamvuta mume wangu hadi kwenye koti, nikahesabu pini, kisha madoa ya damu mwilini mwa mbwa. Saba kwa saba, mahali pale pale.

"Mke wangu, usinitie wazimu," akasema.

"Haya, bana ya nane. Mbwa namshika mimi."

Akapeleka pini kifuani mwa koti, palipo na mfuko wa kalamu. Kabla haijagusa kitambaa, mbwa akalia mikononi mwangu. Mume wangu akazichomoa pini zote, moja moja, akimwomba kaka yake radhi. Hajawahi kumwomba mteja radhi maisha yake yote.

Jumapili mbwa alikula. Kijana akaja kuchukua koti.

"Sikulipunguza, mwanangu," mume wangu akamwambia. "Litakupwaya, uvumilie."

Kijana akalivaa. Mabega yakamkaa sawasawa. Mikono ikaishia kwenye vifundo vya mikono yake. Mume wangu akachukua futi yake, akapima, akapima tena, kisha akatafuta kiti.

Mbwa akatoka chini ya meza, akajilaza juu ya viatu vya kijana, kama alivyokuwa akijilaza kwa marehemu.