Nyavu Kumi Kabla ya Saa Tano

Mimi ni msusi, na sisifu mikono ya mtu ovyo. Nimesuka vichwa Matonge, mtaa wa Waafrika hapa Brussels, kwa miaka kumi na tisa, na wasichana wengi wanaokuja kuniomba kazi huwa nawarudisha makwao kabla hawajamaliza nusu ya kichwa. Kwa hiyo nikisema kwamba mikono ya Maman Euphrasie inanitisha, niaminini.

Maman Euphrasie anafanya usafi katika shule moja ya kulipia kule Uccle, shule ya watoto wa mabalozi na wakubwa wa makampuni. Alifika kutoka Bukavu mwaka 2001, na tunaishi jengo moja, Berchem-Sainte-Agathe. Miaka kumi na miwili iliyopita alimkuta mvulana analia kwenye chumba cha kubadilishia nguo, wavu wa fimbo yake umekatika. Wavulana wa shule hiyo walikuwa wakicheza lakrosi, mchezo wa kudaka na kurusha mpira kwa fimbo yenye kikapu cha wavu kichwani. Maman Euphrasie hakuwa amewahi kuuona. Alikaa kwenye benchi, akaibana fimbo katikati ya magoti kama kichwa cha mtoto, akasuka. Kesho yake kocha alimletea nyingine sita.

Tangu hapo nyavu zote za timu ya wavulana zikawa zake. Nilikwenda siku moja kumcheka, nikaishia kukaa kumtazama. Alimtazama mvulana akirusha mara tatu tu, basi, ameshajua: huyu ana haraka, mfuko wa wavu wake uwe na kina, yule mkono mzito, kamba za juu zilegezwe. Hakuandika popote. Wavulana thelathini na wanne, nyavu thelathini na nne, na hakuna hata mbili zilizofanana. Mimi wateja wangu nawachanganya majina.

Halafu timu ikaanza kupukutika. Familia zilihamishwa kikazi, akina mama wengine waliogopa watoto kugongwa vichwa, vijana wengine wakakimbilia padel, mchezo wa jamii ya tenisi. Wakabaki ishirini na wawili, kisha kumi na watano, mwaka huu tisa. Timu ya wasichana inajaa, ya wavulana inakwisha, na hakuna aliyeweza kunieleza kwa nini. Uwanjani wanatakiwa kumi. Walishashindwa kutokea mechi mbili, na ligi ilisema wazi: wakikosa ya tatu, Jumamosi saa tano asubuhi, timu inafutwa.

Jumanne kocha alimkuta Maman Euphrasie kwenye korido akamwambia imekwisha, wa kumi hayupo. Akaweka ndoo chini. Kwa mama yake, msiba ukiingia nyumbani, wanawake hufumua nywele. Basi akaingia stoo, akafumua nyavu zote tisa, kamba moja baada ya nyingine, akazikunja vizuri, akalia, akarudi kwenye ndoo yake. Hakumwambia mtu. Angemwambia nani kwamba ameziwekea fimbo matanga?

Ijumaa baada ya kazi alinigongea mlango, uso umemshuka.

"Précieuse, batoto bamepata wa kumi."

"Bon, si ni vizuri, maman?"

"Nilishafumua zote. Match ni kesho. Ni mimi nimeua équipe, timu ya batoto, na hii mikono yangu."

"Lakini maman! Hata maiti banaangaliaka kwanza kama anapumua!"

Nilimgombeza hivyo, na mara nikajuta, maana alikuwa ameshika ukuta. Nikachukua simu nikaahirisha wateja wote wa Jumamosi, siku yangu kubwa kuliko zote, nikawaita wasusi wangu wawili, Naïma na Mignonne.

Saa kumi na mbili asubuhi, shule ilipofunguliwa tu, tulikuwa stoo. Kwa mikono yetu wavu mmoja unakula saa nzima, hata na nusu. Sisi watatu tulichukua mbili mbili, Maman Euphrasie nne. Na kila mara, bila kuinua macho, alitupigia kelele: "Mignonne, kaza kushoto! Naïma, huyo anarushaka chini, shusha mufuko!" Alijuaje? Alikuwa ametupa mgongo. Naïma aliacha kusuka akanitazama, nikamwashiria aendelee.

Saa mbili akaja huyo wa kumi, Abeid, mtoto wa mfanyakazi wa ubalozi wa Tanzania, wiki tatu tu Brussels.

"Shikamoo, mama. Mimi ndiye wa kumi, ila sijawahi kushika hiki kitu."

Maman Euphrasie alisokota kitambaa cha kufutia meza, akamrushia. "Rudisha." Akarudisha. Mara tatu. "Anaogopa mupira," akasema. "Donc nitamupatia wavu ya kuushika vizuri." Na vidole vikaanza. Nimeona wasusi wa Kinshasa, nimeona wa Abidjan. Sijaona vile. Kamba zilikuwa zinampisha. Nyavu zangu mbili zilipokwisha, nikatoka kuwanunulia wote kahawa.

Saa tano kasorobo refa alikagua. Anaweka mpira kwenye wavu, anachungulia kwa pembeni. Ukizama chini ya ukingo, fimbo inakataliwa. Fimbo moja ikikataliwa, wanabaki tisa. Maman Euphrasie alikuwa amefumba macho. Zikapita zote kumi. Filimbi ikalia, na timu ikabaki kwenye ligi mwaka mmoja zaidi.

Walifungwa kumi na nane kwa mawili. Abeid alidaka mipira mitano, akashangilia kila mmoja kama bao. Bao la pili lilifungwa na namba saba, kwa fimbo niliyoisuka mimi.

"Umeona?" Maman Euphrasie alinipiga begani. "Ile goal ni yako."

Nikavimba kwa fahari. Mechi ilipokwisha nikamwomba yule mvulana niishike fimbo kidogo. Mimi namalizia kazi yangu kwa kuzungusha kamba mara mbili kushoto, siku zote. Fundo lile lilikwenda kulia, mara moja. Hilo ni fundo la Maman Euphrasie: wavu wangu ungekataliwa na refa. Aliliona kosa langu, na nilipotoka kununua kahawa aliufumua wote akausuka upya, juu ya zile nne zake.

Nilimrudishia mvulana fimbo yake. Maman Euphrasie alikuwa ameshaanza kuokota chupa za maji uwanjani, nikaenda kumsaidia.